Seti ya Arduino Uno kwa wanafunzi wa fildi: vifaa vizuri, kitabu kifungie kabatini

Nasimamia karakana ya shamba la mkonge mkoani Tanga, na kila mwaka tunapokea wanafunzi wa uhandisi wanaokuja fildi. Hesabu wanazijua kunishinda, lakini ukiwapa tatizo lisilo na fomula wanasubiri maelekezo. Ndiyo sababu nilinunua seti hii, laki na ishirini, pesa yangu mwenyewe.

Ndani mna bodi ya Uno, yaani kikompyuta kidogo unachokiandikia programu, yenye pini 14 za kidijitali na 6 za analogi, bredibodi (ubao wa kuunganishia nyaya bila kulehemu), nyaya, mota ya servo (inayogeuka kwa pembe unayoitaka), sensa ya umbali HC-SR04, sensa ya joto na unyevu DHT11, na kitabu cha mazoezi. Bodi ni kopi, na hilo halina ubaya: Arduino ilipoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu, michoro yake iliachwa wazi kwa yeyote kuinakili. Ila laptopu haikuitambua mpaka tulipoweka draiva ya CH340, chipu inayounganisha bodi na USB, na kwenye boksi hapakuwa na maelezo yoyote ya hilo.

Kinachoniudhi ni kitabu. Kila zoezi lina mchoro uliokamilika na programu ya kunakili. Vijana waliwasha taa, wakazungusha servo, wakaishia hapo. Nikakifungia kabatini, nikawapeleka uwanja wa kuanikia singa, yaani nyuzi za mkonge. Nikawaambia: tunataka kujua tita limekauka bila mtu kulishika, maana singa ikifungwa robota ingali na maji inaharibika. Sikuongeza neno.

Wakaitia DHT11 katikati ya singa. Asubuhi namba zikagoma kusogea.

"Injinia, sensa imekufa?"

"Haijafa, wanangu. Kasomeni karatasi ya mtengenezaji wake."

Wakakuta haiaminiki unyevu ukizidi asilimia 80 hivi, na asubuhi za pwani yetu hupita hapo. Kunyamaza kuliniwia vigumu, kwa sababu kifaa cha kununua nilikuwa nakijua. Ndipo binti mmoja anayesomea uhandisi wa mitambo akasema: singa ikikauka, uzito unapungua. Sensa ya uzito seti haina. Basi wakalitundika tita kwa tyubu ya baiskeli, chini yake wakafunga kipande cha bati, na HC-SR04 wakailaza sakafuni ikitazama juu. Maji yakitoka tita linapanda, umbali unaongezeka. Mpira ukazidi kuvutika wenyewe kwa kubeba mzigo, vipimo vikaharibika. Wakaenda Ngamiani, mjini Tanga, kwa wauza skrepa, wakarudi na springi ya kitanda cha chuma cha zamani, na hiyo ikakubali. Upepo ulipoyumbisha tita namba ziliruka, wakaandika programu ichukue vipimo vingi na kuchagua cha katikati. Zoezi hilo halimo kitabuni, na mimi nisingelifikiria.

Naipa nyota nne kati ya tano. Nyaya zake hulegea upesi, pini hushika kutu kwa hewa ya chumvi, na HC-SR04 haivumilii mvua. Tena seti moja isizidi wanafunzi wawili. Wakiwa wanne, wawili wanaunda na wawili wanatazama. Na ninyi walimu mnaosahihisha logibuku, tafadhali tyubu iliyoshindwa nayo ipeni alama, maana bila hiyo springi isingetafutwa.

Mwakani naongeza seti ya pili na sensa ya uzito, lakini hiyo ya uzito itabaki kwangu mpaka wao wenyewe waiombe.