Fonti ya mwandiko isiyojua kuandika "Bwana"

Nyota mbili, na zote mbili ni za herufi kubwa.

Uzuri wake siubishii. Mstari unaoshuka ni mnene, unaopanda ni mwembamba kama unywele, na K ina mkia unaozunguka hadi chini ya herufi ya tatu. Kwa kadi za sendoff (sherehe ya kumuaga bibi harusi) hapa Moshi, hasa Desemba watu wakirudi nyumbani, mteja akiiona hataki nyingine. Lakini andika "Bwana" uone. Herufi w inaishia juu, a inaanzia chini, katikati pengo. "Mwaliko", pengo. "Wapendwa", pengo tena. Kiswahili bila w ni Kiswahili gani? Muuzaji kuulizwa, akajibu mstari mmoja: fonti haikukusudiwa lugha "zisizo za kawaida". Zisizo za kawaida! Kiswahili kinaandikwa kwa herufi zilezile a mpaka z, hakina hata nukta ya ziada juu ya herufi.

Na hata hilo jibu lenyewe ni uongo, maana dawa imo ndani ya faili. Herufi ndogo b, o, v na w zote huishia juu, kwa hiyo mchoraji amechora a, e na i za pili zinazoanzia juu. Word haiziwashi yenyewe. Chagua maandishi, bonyeza Ctrl+D, nenda Advanced, weka tiki kwenye Use Contextual Alternates. Faili liwe la .docx, lile la .doc la zamani halikubali. Pengo linazibika, mwandiko unatiririka vizuri mno. Basi nyota nne? Ngoja kwanza.

"Lyimo": mkia wa L unagongana na mkia wa y, jina linakuwa kamba iliyojifunga fundo. Hapo hapo Advanced kuna Stylistic Sets, yaani seti za maumbo mengine ya herufi; jaribu moja moja mpaka upate L isiyo na mkia. Nafasi kati ya herufi usiiguse hata kidogo, maungio yatakatika. Jina zima kwa herufi kubwa ndiyo usithubutu, halisomeki. Itumie kwa majina ya maharusi tu, pointi 30 kwenda juu. Ukumbi, saa na namba za simu za kamati viende kwenye fonti ya kawaida. Chini ya pointi 18, kwa rangi ya dhahabu kwenye karatasi ya krimu, ule unywele unapotea.

Stika ya gari la maharusi nayo ina lake. Herufi zinalaliana, plota (mashine ya kukata stika) inakata kila moja peke yake na vipande vinabanduka. Kwenye Corel, programu ya kuchorea, geuza maandishi yawe michoro kwa Ctrl+Q, kisha yaunganishe kwa Weld. Na duka la uchapaji lipelekee hilo lililogeuzwa, la sivyo kompyuta yao itabandika fonti yake.

Kazi ya mchoraji, nne. Ila aliyechukua hela ni yule wa "zisizo za kawaida". Zinabaki mbili.