Mgahawa wa tambi Xiaobei: supu ya bibi, kaunta ya dharau

Wewe unayefuata mzigo Guangzhou, China, na una hamu ya supu ya nyumbani, soma hapa kabla hujaingia mgahawa huu wa mtaa wa Xiaobei. Bado nina hasira na sitaificha.

Migahawa ya Wahui, yaani Wachina Waislamu, wengi wetu tunaijua. Chumba kidogo, bango la halali, mtoto wa shule anaandika kazi zake meza ya nyuma. Bango linasema Lanzhou, mji uliovuma kwa tambi hizi, lakini wenyewe wengi kwao ni Hualong, mkoa wa Qinghai. Huu ninaousema, tambi anavuta mzee. Anakanda donge, analivuta, analikunja, analivuta tena mpaka linachambuka nyuzi nyuzi, anazitosa kwenye maji yanayochemka. Supu ni ya mifupa ya ng'ombe, haina uzito wala ukungu, juu figili, kotmiri na mafuta ya pilipili. Bibi yangu Tanga alikuwa akibandika mifupa baada ya Isha, moto wa taratibu, tuamkie supu alfajiri. Hii ya mzee inamfikia bibi kabisa. Siku ya kwanza kuionja nilishindwa hata kuongea na mwenzangu.

Sasa kaunta wameweka kijana.

Juzi juzi, msimu wa maonyesho ya biashara, niliingia nina njaa kweli. Mzee kanizoea, akaniletea bakuli kabla sijaagiza. Kijana akaja juu yangu, hata salamu hana, kidole kwenye karatasi ya kuskani iliyobandikwa mezani. Kadi yangu ya benki ilikuwa imegoma kwenye WeChat, programu ya simu wanayolipia huko, tangu asubuhi, nikatoa noti. Akanipungia mkono kama anafukuza kuku. Nikaisogeza noti mbele yake. Jamani, akalinyanyua bakuli! Mchuzi ukamwagika mezani, ukachuruzika mpaka kwenye suruali yangu, naye huyo akaondoka nalo, watu wote wananitazama.

Noti ile imeandikwa jina la Benki ya Watu wa China, na benki hiyohiyo imeshapiga marufuku maduka kukataa pesa taslimu. Nilitaka kumwambia hivyo, Kichina changu kikaniishia mdomoni. Hapo kwangu mgahawa ulikuwa hauna hata nyota moja.

Mzee akatoka jikoni, unga mpaka kwenye viwiko. Akamfokea yule kijana maneno ambayo sikuyapata yote, akafuta meza kwa mkono wake mwenyewe, akaleta bakuli jipya, nyama imejaa. Noti akaipokea kwa mikono miwili na chenji akarudisha. Nikala. Na supu ilikuwa ileile, tamu mno, ndiyo iliyozidi kuniuma: chakula kama hiki kinalindwa na mtu asiyejua thamani ya mgeni!

Kwa hiyo nyota tano za mzee hazina ubishi. Mgahawa? Nilisema sirudi, na nikiandika hivi nataka kurudi kesho. Lakini mzee hayuko ukumbini muda wote, na mgeni aliyeshuka na ndege leo, hana WeChat, hana lugha, nani atamtetea? Mwenye duka amwondoe kijana kaunta au amfunze adabu. Mpaka hapo, chungulia kwanza mlangoni. Ukimwona mzee anavuta tambi, ingia. Ukimkuta kijana peke yake, pita, migahawa ya Wahui haikosekani mtaa ule.