Eti Pemba yetu haipo

Naandika haya nina hasira, na nikimaliza sijui zitakuwa zimepungua au zimezidi.

Ilikuwa karibu na Ramadhani. Barazani kwetu Chake Chake paliibuka ubishi: kutoka hapa mpaka Muscat ni masafa gani? Kila mmoja ana ndugu huko, basi kila mmoja ana jibu lake. Mimi nikatoa simu kwa mbwembwe. Nilikuwa nimepakua programu ya kupima masafa baina ya viwanja vya ndege, na hadi siku ile naisifu kwa kila mtu. Nikaandika Pemba, nikaandika Muscat, nikatangaza kama msoma taarifa ya habari: kilomita elfu nne na mia tano!

Mzee mmoja, nahodha mstaafu, akakiweka chini kikombe chake cha kahawa taratibu. "Mwanangu, hebu itazame na ya Unguja." Nikaitazama: 3,900 hivi. "Sisi tuko kaskazini ya Unguja, na Muscat iko kaskazini. Vipi tena sisi tuwe mbali zaidi? Kisiwa kimehama usiku?" Baraza zima kicheko. Mimi jasho.

Kumbe Pemba yao ni ya Msumbiji! Mji mkuu wa mkoa wa Cabo Delgado, zaidi ya kilomita 850 kusini yetu. Herufi tatu za kukitambulisha kiwanja chake cha ndege ni POL, kwa jina la zamani la mji, Porto Amélia. Chetu ni PMA. Sasa kukosea si kitu, majina hufanana. Kilichonichoma ni jibu. Niliwaandikia watu wao wa huduma kwa wateja, kwa adabu zote, nikawaeleza kwamba Pemba ziko mbili. Wakanijibu kwa Kiingereza, mistari miwili, maana yake: Pemba iko Msumbiji, tafadhali hakikisha jiografia yako kabla ya kulalamika. Jiografia yangu! Mimi niliyezaliwa Wete, kitovu changu kimezikwa huku! Nikaifuta palepale. Nyota moja, na hiyo moja ni kwa kuwa sifuri haikubali.

Haya, niseme kweli. Baada ya siku mbili tatu nikairudisha kimyakimya, nikaandika PMA badala ya jina. Ikatoa kama 3,780. Yule mzee naye alikuwa ameshapima kwa tufe la skuli la mjukuu wake na uzi wa kushonea: uzi wa Pemba mpaka Muscat haukufika sehemu ya kumi ya uzi wa kuizunguka ikweta, na ikweta ni kilomita 40,000 na ushei. Kwa hiyo hesabu inaijua, wallahi inaijua. Nikataka kuwapa nyota nne.

Lakini hizo 3,780 ni za ndege ya moja kwa moja, na ndege hiyo Chake Chake haipo. Dada yangu akija likizo hushuka Unguja kwanza, kisha apande kidege kingine, kilomita 125 hivi. Jumla inapita 4,000. Programu haisemi hata neno.

Basi nyota mbili. Wangeniomba radhi, tatu. Jana usiku nimeandika tena "Pemba" kuwajaribu tu: bado inanipeleka Msumbiji. Nairudisha moja.