Kobe wa kusini ndiye aliyerudi na 287: uzoefu wangu na gemu la kufukuza tonado

Tonado ya kwanza kubwa niliyokutana nayo kwenye gemu hili sikuiona. Niliingia ndani yake. Nilikuwa naendesha kuelekea magharibi kwenye barabara ya vumbi, natafuta ule mkonga mwembamba ambao kila mtu ameshauona kwenye picha, na mbele yangu hapakuwa na mkonga wowote, ni mvua tu, ukuta mweusi kutoka ukingo mmoja wa skrini hadi wa pili. Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu anatafuna karanga. Akaniuliza, "Kaka, mbona hiyo mvua inakwenda kushoto?" Sikumjibu. Haikupita muda gari likawa matairi juu, na kwenye kona ya skrini yakatokea maandishi madogo: upepo wa juu maili 241 kwa saa, data haikuhifadhiwa.

Hilo neno la mwisho ndilo lililonishika miezi minne.

Jina la gemu sitalitaja, kwa sababu nina malalamiko mawili huko mbele na sitaki kugombana na mtu. Anayecheza vitu vya aina hii atalitambua. Hakuna bunduki wala adui. Asubuhi unafunguliwa ramani ya hali ya hewa ya nyanda za Oklahoma na Kansas, unachagua pa kuanzia, unajaza mafuta, unangoja mawingu yakue. Kazi yako ni kurudi na vipimo: kasi ya upepo, mgandamizo wa hewa na video. Kadiri tonado ilivyo kali, ndivyo rekodi inavyokuwa na thamani.

Nilipowaeleza watu hapa Mwanza wote walisema, "Aa, kimbunga." Sawa, magazeti yetu nayo huandika hivyo hivyo. Lakini Kimbunga Hidaya kilichofika Mafia Mei 2024 kilikuwa na jina, kilifuatiliwa baharini kwa siku kadhaa na upana wake ulihesabiwa kwa mamia ya kilomita. Tonado ni kitu kingine. Hutoka tumboni mwa wingu moja la radi, upana wake mara nyingi haufiki hata kilomita moja, na inaweza kuzaliwa na kufa kabla chai yako haijapoa. Wala si chamchela, ile tuliyokuwa tunaikimbilia uwanjani shuleni ikitupulizia vumbi machoni. Chamchela huinuka kutoka kwenye ardhi yenye joto jua likiwaka, haihitaji wingu. Nimeamua kuandika tonado ili tuelewane.

Wiki mbili za kwanza nilicheza kwa macho, na kucheza kwa macho ni kufa. Baadaye nikajifunza rada, na hapo ndipo gemu linapoanza kweli. Rada ina picha mbili. Ya kwanza inaonyesha mvua na mawe: unatafuta umbo la ndoano, mara nyingi upande wa kusini-magharibi wa dhoruba. Ya pili inaonyesha mwendo wa upepo. Kijani ni upepo unaoijia rada, nyekundu ni unaoikimbia. Ukiona kijani kilichokolea kimebanana ubavu kwa ubavu na nyekundu iliyokolea, kama soksi mbili zilizosokotwa pamoja, hapo hewa inazunguka. Na kwenye ncha ya ndoano likitokea doa zito lililokaa peke yake, hiyo si mvua tena. Ni mbao, mabati na matawi yanayopaa. Mara ya kwanza kuliona doa hilo nilishangilia. Mara ya pili nikakumbuka kwamba kwenye rada halisi doa hilo ni nyumba za watu, nikapunguza kelele.

Ile niliyoingia ndani yake bila kuiona ni aina ambayo wafukuzaji wa huko Marekani wanaiogopa kuliko zote, iliyovikwa mvua. Mfano wake mbaya ni El Reno, Oklahoma, tarehe 31 Mei 2013. Upana wa kilomita 4.2, ndiyo pana kuliko zote zilizowahi kurekodiwa. Ilibadilisha mwelekeo, ikaongeza mwendo, na mvua iliificha. Iliua watu wanane, akiwemo Tim Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young, na hao watatu ndio wafukuza dhoruba wa kwanza kujulikana kuuawa na tonado yenyewe. Samaras hakuwa mtu wa kutafuta sifa. Miaka kumi nyuma, Juni 2003 huko Manchester, South Dakota, alitega kifaa chake njiani mwa tonado na kikarekodi mgandamizo wa hewa ukishuka milibari 100. Kifaa kilikuwa kizito, kifupi, umbo la kofia pana ya chuma, ili upepo upite juu yake badala ya kukinyanyua. Vifaa vya kwenye gemu vinafanana na hicho. Sisi nyumbani tunaviita kobe.

Hapa kuna jambo la kubishania. Gemu linaipa tonado daraja lake kwa upepo uliopimwa, na Marekani halisi hawafanyi hivyo. Kipimo alichokianzisha mtaalamu wa tonado, Fujita, mwaka 1971, kikarekebishwa na kuanza kutumika upya 2007, kinatazama uharibifu: wataalamu wanapita baada ya dhoruba, wanaangalia nyumba ilijengwaje, mti umevunjikaje, halafu wanakadiria upepo. EF5, daraja la juu kabisa la kipimo hicho, huanza pale makadirio yanapopita maili 200 kwa saa, yaani kilomita 322. Ndiyo maana El Reno ile ile, ambayo rada za kwenye magari zilisoma upepo wa zaidi ya maili 290, imeandikwa EF3 tu. Ilipita zaidi mashambani, haikukuta vya kutosha vya kuvunja. Na baada ya tonado ya Moore, Oklahoma, ya 20 Mei 2013, Marekani ilikaa zaidi ya miaka 12 bila EF5 hata moja, mpaka ile ya Enderlin, North Dakota, ya Juni 2025, iliyopewa daraja hilo baada ya kuchunguzwa mabehewa ya treni iliyoyarusha. Mimi kwa miezi minne kwenye gemu nimekutana na EF5 sita. Kwa hiyo ukiona mtu anajisifu kwa EF5 zake, mwambie hizo ni za dukani. Ila nikisema ukweli wangu, namba ya kobe naiamini kuliko herufi.

Sasa usiku wenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, bando la usiku, saa sita na ushee. Dhoruba tatu zilikuwa zimepangana mstari kutoka kusini kwenda kaskazini, na wachezaji karibu wote wa kwenye seva walikimbilia ya katikati kwa sababu ndiyo iliyokuwa imeanza kuzunguka. Mimi nikaenda ya kusini kabisa. Sababu ni kwamba dhoruba ya mwisho kusini haina mwenzake wa kuiibia hewa yenye joto na unyevu inayotoka huko. Nikakaa kwenye njia panda dakika arobaini bila kufanya lolote. Mdogo wangu akasema hili ndilo gemu la kwanza duniani la kungoja basi.

Barabara za mashambani huko zimechorwa miraba, maili moja kwa maili moja, na gemu limezifuata hivyo hivyo. Hii ni baraka, maana unaweza kupiga hesabu. Tonado ikienda maili 35 kwa saa, mraba mmoja inaumaliza chini ya dakika mbili. Kutega kobe watatu kunanichukua sekunde sabini. Zinabaki kama thelathini za kukimbia, na unakimbia kusini, si mashariki, kwa sababu ukienda mashariki ni kama umekaa mbele ya lori ukitumaini litachoka.

Ilipogusa ardhi ilikuwa kamba nyembamba. Baada ya dakika tano ikawa pana kama mtaa wetu. Nilisimama maili mbili mbele yake, upande wa kusini-mashariki, ambako hewa ni safi na unaona. Nikasubiri nijue inaelekea wapi kweli, si inakoonekana kuelekea. Mbinu ni hii: tazama kitu kimoja kisichotembea, nguzo au ghala, nyuma yake iwe tonado. Ikisogea kulia, inapita kulia kwako. Ikisogea kushoto, inapita kushoto. Ikikua tu bila kusogea popote, wewe ndiye inayekufuata. Ilikuwa inakua tu.

"Kaka, washa gari."

"Tulia wewe."

Nikashusha kobe wa kwanza kaskazini ya barabara inayokatiza, wa pili katikati, wa tatu kusini. Hao wa kusini nilikuwa nawadharau mwanzoni. Kosa. Tonado nyingi za kizio cha kaskazini huzunguka kinyume cha saa, kwa hiyo ikielekea mashariki, upande wake wa kusini upepo wa mzunguko unakwenda uelekeo mmoja na mwendo wa tonado yenyewe, vinajumlishwa. Upande wa kaskazini vinapunguzana. Kama inatembea maili 35, tofauti ya pande mbili inaweza kufika maili 70. Miezi miwili nzima nilikuwa nategea kaskazini kwa sababu tu barabara ya lami iko huko.

Nikakimbia. Kwenye kioo cha nyuma nikaona kobe wa katikati akifunikwa. Mawe yakaanza kupiga bati la gari, na hapa niwape sifa waliotengeneza sauti, maana mama alitoka chumbani, akapita sebuleni mbio, akafungua mlango wa nyuma kwenda kuanua nguo. Akarudi na mikono mitupu. Nje kulikuwa na nyota. Akatutazama wote wawili na kusema, "Nyie watoto mtanilipa usingizi wangu," akarudi kulala.

Namba zilikuja hivi, kwa maili kwa saa: kaskazini 219, katikati 244, kusini 287. Milibari 81 chini. Kwa kulinganisha, rada ya kwenye lori iliyopima tonado ya Bridge Creek na Moore tarehe 3 Mei 1999 ilisoma zaidi ya maili 300, karibu kilomita 480 kwa saa. Kwa hiyo 287 si uongo uliopitiliza. Ni kali, na bado iko ndani ya dunia hii.

Lakini namba kutokea kwenye skrini si kurekodi, na hili ndilo lalamiko langu la kwanza. Data inabaki ndani ya kobe mpaka uende kumwokota na kumrudisha garini. Wiki tatu kabla ya usiku huo nilikuwa na kobe mwenye 270, nimebakiza hatua kama ishirini kumfikia, umeme ukakatika. Betri ya laptop yangu ni ya mtumba na haishiki hata dakika mbili. Nilipowasha, kobe hayupo, siku imefutika, mafuta nimelipa. Najua mtu atasema ndivyo ilivyo uwanjani, kifaa ukikipoteza umekipoteza. Nakubali. Ila uwanjani umeme ukikatika nyumbani, kobe anabaki pale pale shambani anakungoja. Wangeweka hifadhi hata ya kila dakika tano.

La pili ni pointi. Ukirekodi video ukiwa mita 300 unapata karibu mara tatu ya aliyeko kilomita mbili, na gari likirushwa unapewa jingine bure. Matokeo yake seva imejaa watoto wanaoingia ndani ya tonado kwa makusudi. Aliyesoma habari za El Reno ataona pana ukakasi. Wangempa pointi nyingi zaidi anayerudi na kobe wake wote, gemu lingekuwa lile lile na watu wangecheza kwa akili.

Mengine kwa kifupi. Magari ni mazuri, rangi za kununua usinunue. Maongezi ya sauti yazime. Kwenye laptop yenye RAM ya GB 8 punguza nyasi na vivuli hadi mwisho, la sivyo mawe yakianza picha inaanza kukatakata wakati ule ule unaopaswa kukata kona. Intaneti ya simu inatosha, ila pakua gemu lenyewe sehemu yenye Wi-Fi kama unaijali pesa yako.

Kwangu ni nne kati ya tano. Ile moja iliyobaki iko na kobe wa 270.

Wa kusini nilimkuta ametupwa mtaroni, kajaa tope, taa yake ya kijani bado inawaka. Nilimwokota, mdogo wangu akiwa amesimama kabisa nyuma ya kiti. Ile video tumeihifadhi, na kwa kuwa maiki ya laptop ilikuwa wazi, inasikika yote: karanga zinatafunwa, zinatafunwa, halafu kobe wa katikati anafunikwa na kutafuna kunakoma, kimya, mawe, mlango wa nyuma unafunguliwa na mama anauliza nguo zilianuliwa na nani.