Kalamu ya kupima chumvi: nzuri langoni, ya wastani shambani

Kwenye delta, bahari inapanda mtoni kila maji ya mto yanapopungua, na kina cha bahari kinachoongezeka kinaisukuma ndani zaidi. Mwenye majaruba huamka na swali moja: lango la maji lifunguliwe au libaki limefungwa? Ulimi hauaminiki. Aliyezoea kisima cha chumvichumvi hatofautishi maji ya 2 na ya 4 mS/cm (milisiemens kwa sentimita, kipimo cha chumvi kwa umeme), na kwa mpunga hapo katikati ndipo mavuno yanapopotelea.

Kalamu hii ni kifaa cha mkononi chenye pini mbili za chuma chini, kioo kidogo juu na betri za vidonge. Hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi, namba inapanda. Zipo za aina nyingi, na nyingi zinafanana ndani, kwa hiyo angalia mambo matatu kabla ya kununua.

La kwanza ni kipimo kinachoonyeshwa. Achana na kalamu inayotoa ppm (sehemu za chumvi kwa milioni) peke yake. Namba hiyo haipimwi, hukadiriwa kwa kuzidisha, na kuna watengenezaji wanaozidisha kwa 0.5 na wengine kwa 0.7. Maji yaleyale ya 4 mS/cm yatasomeka 2,000 kwa jirani na 2,800 kwako, mkagombana bure. Chukua inayoonyesha mS/cm, kwa sababu ni sawasawa na dS/m (desisiemens kwa mita) ya majedwali ya kilimo. La pili ni irekebishe joto yenyewe: kila nyuzi moja hupandisha namba kwa takriban asilimia 2, hivyo maji ya nyuzi 33 bila marekebisho yatadanganya kwa asilimia 16 hivi juu ya kipimo cha nyuzi 25. La tatu ni kikomo. Za bei ya chini huishia 9.99 mS/cm, na bahari yenyewe ni kama 50. Kwa lango la mpunga hilo si tatizo, maana ukishafika 10 huna la kufungua. Kwa bwawa la kufugia kamba wa maji chumvi haifai hata kidogo.

Namba za kukumbuka, kwa maji ya kumwagilia: mpunga haupungui hadi 2.0, kwenye 2.6 umepoteza sehemu ya kumi, kwenye 4.8 nusu. Mahindi huanza kuumia 1.1, maharage 0.7. Lakini mpunga hauumii sawasawa msimu mzima. Mche mchanga na wakati wa kuchanua ndipo ulipo dhaifu. Katikati, unapochipuza machipukizi, huvumilia zaidi. Ikibidi kuingiza maji ya mashaka, yaingize hapo katikati.

Sasa kosa linalowaponza wengi, na si la kalamu. Maji chumvi ni mazito, hivyo hujipenyeza chini huku maji baridi (yasiyo na chumvi) yakielea juu. Ukichovya kalamu ukingoni unasoma 1.5, na mdomo wa pampu ulio mita mbili chini unavuta 6. Dawa ni chupa ya plastiki iliyofungwa jiwe, yenye kizibo kilichofungiwa kamba yake. Ishushe hadi usawa wa mdomo wa pampu, vuta kamba kizibo kitoke, subiri mapovu yaishe, ipandishe, halafu pima kwenye kikombe kilichosuuzwa kwa maji hayohayo. Tikisa kalamu kidogo. Povu likikwama kati ya pini, namba hushuka. Subiri itulie kabla ya kuandika.

Pima kila nusu saa, tangu maji kujaa hadi kupwa, siku moja ya bamvua na siku moja ya maji mafu. Ukiandika namba hizo daftarini utaliona dirisha lako la kufungua lango, na mara nyingi litakuwa fupi kuliko ulivyodhani.

Matunzo ni mepesi ila hayasamehe. Suuza pini kwa maji safi kila mara, maana chumvi ikikauka juu yake namba inaharibika. Utando wa kahawia wa chuma huondoka kwa siki ya dakika kumi na mswaki laini. Msasa usiutumie. Kila wiki mbili ilinganishe na maji maalumu ya kipimo, ambayo namba yake inajulikana kuwa 1.413 mS/cm, na uliyokwisha kuyatumia usiyarudishe kwenye chupa.

Kwenye udongo inasaidia, kwa ukadiri tu. Gramu 20 za udongo uliokaushwa na kusagwa, mililita 100 za maji yaliyochujwa kwa mvuke, tikisa, acha utulie, pima juu. Zidisha kwa 8 hivi kama ni mfinyanzi, 10 kama ni tifutifu, 14 kama ni kichanga. Mpunga huanza kupungua namba hiyo ya udongo, baada ya kuzidisha, ikipita 3.

Anayefuga kamba kiangazi na kulima mpunga masika, kama wanavyofanya kwenye delta ya Mekong huko Vietnam, ndiye atakayefaidika zaidi. Sentimita 30 za maji baridi zikipenya sentimita 30 za udongo huondoa takriban asilimia 80 ya chumvi, ilimradi mtaro wa kutolea upo. Pima yanayotoka: namba yake ikiwa bado mbali na ya yanayoingia, usipande.

Kuna jambo kalamu hailioni kabisa, nalo ni sodiamu (sehemu ya chumvi) iliyong'ang'ania mfinyanzi. Namba inashuka vizuri, unafurahi, kumbe udongo umefumba kama saruji. Tia kidonge cha udongo mkavu kwenye glasi ya maji ya mvuke bila kutikisa. Maji yakigeuka maziwa baada ya saa chache, unahitaji jasi kwanza, kisha maji ya kusafisha.