Magurudumu ya kuchomeka kwa boksi la zamani la Marshall: uzoefu wangu Malindi

Kama unapiga muziki Malindi na boksi lako la spika ni la kizamani, la plaiwudi nzito, nakushauri ulifungie magurudumu, tena yawe ya kuchomeka na kuchomoa, si yale ya kukazwa yakabaki hapo. Yangu nimeyatumia msimu mzima wa kaskazi, mahoteli yakiwa yamejaa, na mvua za masika zikanikuta nayo. Nimeyaona kwenye vigae, kwenye saruji, kwenye mchanga na kwenye chumvi.

Boksi langu ni Marshall la miaka ya 1970, spika nne za inchi 12, za kampuni ya Celestion, wati 25 kila moja, zile zenye kifuniko cha kijani nyuma ya sumaku. Nililinunua kwa Mwitaliano mmoja wa Casuarina aliyekuwa akifunga nyumba arudi kwao. Uzito wake ni karibu kilo 35. Kilo 35 za gunia unaweza kuzitupa begani ukaenda zako, lakini boksi hili ni pana kuliko mikono yangu na vishikio viko ubavuni, kwa hiyo lazima muwe wawili, na saa nane za usiku, harusi imekwisha, huyo wa pili humpati. Chini yake mlikuwa na vikombe vinne vya chuma vya kuchomekea magurudumu. Magurudumu yenyewe yalishapotea, na vikombe viwili vilikuwa vimeliwa na kutu hadi vinamomonyoka kwa kidole.

Maduka ya vifaa vya ujenzi hapa mjini yana magurudumu tele, yale ya bamba la mraba lenye matundu manne. Kwa kabati, friji au meza ya duka ni mazuri na bei yake ni nafuu. Kwa boksi hili sikuyataka, kwa sababu matundu ya bamba hayakulingana na ya zamani, na mimi sikuwa tayari kutoboa upya mbao iliyokaa miaka zaidi ya 40 bila kuguswa. Nikaagiza seti ya kuchomeka kwa muuza vyombo vya muziki wa Mombasa, nikalipa kwa M-Pesa, mzigo ukaja na basi. Ndani mlikuwa na magurudumu manne ya inchi 3 ya raba ngumu, mawili yana breki, pamoja na vikombe vipya vinne na skrubu zake.

Kuhusu nguvu ya gurudumu, usigawanye uzito kwa manne. Sakafu ikiwa na bonde kidogo, gurudumu moja huning'inia na mzigo wote hubebwa na matatu. Boksi kilo 35, kichwa cha ampu cha vali (mashine ya kukuza sauti inayokaa juu ya boksi) karibu kilo 20, jumla 55, gawanya kwa tatu: kila gurudumu linabeba zaidi ya kilo 18, kabla hujahesabu kishindo cha kushuka kizingiti. Ya kwangu yameandikwa kilo 50 kila moja, na chini ya hapo nisingenunua.

Kazi ya kufunga alinifanyia seremala wa mtaa wa Kisumu Ndogo, mzee anayetengeneza milango. Kabla ya chochote tulitoa spika zote nne, na hatua hii naomba mtu asiiruke. Sumaku ya spika huvuta unga wa chuma. Skrubu yenye kutu ikizungushwa, au drili ikigusa chuma, unga huo unakimbilia huko, na ukiingia kwenye ule mwanya mwembamba ambamo koili ya sauti hucheza, spika itaanza kukwaruza na kuisafisha ni kuifumua. Halafu kuna koni, karatasi kavu ya miaka yote hiyo. Bisibisi ikiteleza mara moja, umeshaitoboa. Nilipiga picha ya nyaya kwanza. Spika za ohm 16 (kipimo cha ukinzani wa umeme) zikiungwa mbili mbili kwa mpangilio wake, boksi zima hubaki ohm 16, na ukirudisha waya ovyo anayeumia ni ampu.

Matundu ya zamani yalikuwa yamelegea. Mimi nilidhani skrubu nene zaidi zingetosha. Mzee akaingiza msumari kwenye tundu moja, ukacheza kushoto na kulia, akaniangalia. "Mwanangu, skrubu haiumi hewa." Akachonga vijiti vya mvule, akavipaka gundi ya mbao, akavigongelea ndani ya kila tundu na kuviacha hadi kesho yake. Asubuhi alivikata vikawa sawa na mbao, akapiga msasa, akatoboa matundu membamba katikati ya mvule. Skrubu zikaingia kwa ukinzani ule unaousikia kwenye kiwiko, na hapo nikajua zimeshika.

Skrubu zenyewe zilikuwa zetu. Zile zilizokuja na seti ni chuma laini. Ya kwanza ilisagika kichwa kabla haijafika nusu, tukazitupa zote. Kwa pesa niliyotoa, muuzaji alipaswa kuweka skrubu za maana, na hili nalihesabu kama dosari kubwa ya bidhaa hii. Tulinunua za stenlesi, urefu milimita 16, kwa kuwa mbao ina unene wa milimita 18. Ikitokeza ndani unapata njia ya hewa, na boksi lililozibwa nyuma kama hili likivuja hewa hupiga mluzi kwenye noti nzito. Chini ya kila kikombe tulipaka silikoni nyembamba kwa sababu hiyo hiyo.

Basi, kulisukuma. Kwenye vigae vya hoteli nalipeleka kwa mkono mmoja, gitaa begani. Kwenye saruji ni hivyo hivyo. Kwenye njia za mawe ya matumbawe, zile zinazopita bustanini hadi ukumbi wa makuti, nenda polepole, na kichwa cha ampu kisiwe juu yake hata kidogo. Gurudumu dogo hulipitisha kila tuta la jiwe moja kwa moja hadi kwenye vali, na vali ni kioo chenye nyuzi nyembamba. Kwenye mchanga, sahau. Harusi za ufukweni bado namwita hamali na mkokoteni, namlipa, na boksi linafika salama.

Kwenye sauti ndipo nilipoyapenda haya ya kuchomoa. Magurudumu yakiwa chini, boksi linasimama kama sentimita tisa juu ya sakafu, na kwenye saruji nasikia besi imepungua kidogo na boksi linatembea taratibu hata breki zikiwa zimefungwa. Nikiyachomoa, boksi likakaa sakafuni lenyewe, sauti inatulia na kuwa nzito. Lakini jukwaa likiwa la mbao lenye uvungu, nafanya kinyume. Boksi likigusa zile mbao, jukwaa zima linageuka ngoma na mwimbaji hajisikii; magurudumu ya raba yanakata ule mtikisiko. Ukiwa na yale ya kukazwa huna uchaguzi huu.

Jaribu pia kama kuna kitu kinacholia. Piga uzi wa gitaa ulio mnene kuliko zote, E wazi, ambao ni karibu hezi 82, kwa sauti ya kazini, na mwenzako ashike gurudumu moja moja. Moja la kwangu lilikuwa likitoa mlio kama nzi ndani ya chupa. Chanzo kilikuwa kidude cha breki, kilicheza kwenye pini yake. Kipande cha raba ya tyubu ya baiskeli chini yake kimelinyamazisha mpaka leo.

Sasa chumvi. Chuma cha magurudumu haya kimepakwa zinki tu, na zinki mbele ya hewa ya Malindi haina maisha marefu. Masika hayajaisha nikaona vidoa vya kahawia kwenye uma wa magurudumu mawili, yale yaliyolala nje barazani usiku mmoja baada ya shoo ya karibu na ufuo. Sasa nikirudi nayachomoa, nayafuta kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, nakausha, natia tone la mafuta ya cherehani kwenye beringi na grisi kidogo kwenye shina, ile pini ya chuma inayoingia kwenye kikombe. Grisi ya shina usiisahau: likishika kutu ndani ya kikombe, siku ya kulichomoa utang'oa na mvule wenyewe.

Seti ninaipa nne kwa tano, moja imeondoka kwa skrubu na zinki. Ikitoka ya stenlesi kwa ukubwa huu huu wa shina, nitainunua hata kwa bei mara mbili. Na mwenye boksi jipya lisilo na vikombe, la bei ndogo, la kufanyia mazoezi nyumbani, asihangaike na Mombasa. Yale ya bamba ya dukani hapa hapa yatamtosha, mradi atoe spika kabla ya kushika drili.