Safari ya siku moja ya mto na ufukwe kutoka Mbeya: ipi ulipie, ipi uache

Mpwa wangu alikuja likizo kutoka Dar Desemba iliyopita na video kwenye simu: boti ya mpira, watu wanane wenye helmeti, maji meupe yanawarusha kama maharage kwenye ungo. "Mjomba, nataka hii asubuhi, jioni ufukwe." Nilimwambia ufukwe tunao. Hiyo ya asubuhi, apande basi. Maji ya kushuka kwa boti za mpira, yale ambayo wazoefu huyapanga kwa madaraja kuanzia la 1 hadi la 6, yanauzwa Jinja kwenye Mto Nile nchini Uganda, Sagana nchini Kenya, na Zambezi chini ya Maporomoko ya Victoria. Mito yetu ya Rungwe ina nguvu, lakini nguvu yake ni ya kutazamwa. Mto Kiwira mahali fulani unazama chini ya mwamba na kuibukia mbele. Jaribu kupita hapo na boti.

Kwa hiyo mtu akikutangazia rafti, yaani hiyo boti ya mpira, hapa Mbeya, muulize mambo manne: helmeti ziko wapi, nani anafuata nyuma na boti ya uokoaji, mwongozaji alisomea wapi kazi hiyo, na ni sehemu gani ya mto mtatoka. Akianza kucheka na kusema "bosi, usiogope", rudisha pesa mfukoni. Tairi la ndani la Fuso si rafti.

Baada ya hapo tulikaa tukapanga yale yanayouzwa kweli. Kipimo changu ni kimoja na nimekitumia hapa chini: ukitoa saa za kwenye gari, unabaki na saa ngapi za maji? Barabara ya kutoka Mbeya mjini kwenda kusini ni nzuri kwa macho na mbaya kwa saa, na wauzaji wengi wa safari wanakuuzia barabara.

Ya kwanza: Matema, na kama unaweza, iwe Jumamosi

Matema iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wilaya ya Kyela, chini kabisa ya Milima ya Livingstone. Mchanga, maji safi, na ukuta wa milima unaotumbukia ziwani bila kukupa nafasi ya kupumua. Ziwa lenyewe lina kina cha karibu mita 700 sehemu zake za ndani, na samaki wake wadogo wa rangi rangi hawapatikani ziwa jingine. Zamani kufika kulikuwa adhabu, lakini lami ya Kikusya, Ipinda hadi Matema, kilomita 39 hivi, imebadilisha hesabu. Kutoka mjini ni takriban kilomita 150 kwenda tu. Weka saa tatu na nusu, kwa sababu ya malori ya mpakani Kasumulu na matuta ya Tukuyu.

Utoke saa kumi na moja alfajiri. Ukiondoka saa mbili "baada ya chai", utafika ziwa limeshaamka. Asubuhi maji huwa yametulia. Mchana upepo hupanda, hasa kuanzia Mei hadi Agosti, unapovuma ule wa kusini-mashariki ambao wenzetu wa Malawi huuita mwera. Mwongozaji anayekupangia boti saa tisa alasiri amepanga kwa raha yake.

Unachonunua Matema hasa ni boti. Zipo safari mbili. Ya kwanza inakwenda mashariki kando ya mlima hadi Ikombe, kijiji cha Wakisi, ambako akina mama hufinyanga vyungu kwa mkono bila gurudumu la kuzungusha. Ya pili inakwenda upande wa mdomo wa Mto Lufilyo kutafuta viboko na mamba. Mimi ningelipa ya Ikombe. Kiboko unaweza kumkosa. Mama mfinyanzi yupo, na udongo upo. Ukifika, anza na shikamoo kabla ya kutoa simu, omba ruhusa ya picha, na ununue walau chungu kimoja, maana kumtazama mtu akifanya kazi nusu saa kisha kuondoka mikono mitupu si ustaarabu. Jumamosi kuna soko la vyungu Lyulilo, jirani na Matema, ambako vyungu hushushwa kutoka kwenye mitumbwi kabla ya kupandishwa magari kwenda Tukuyu na soko la Mwanjelwa mjini Mbeya. Ukifika mapema unaona biashara nzima kabla jua halijawa kali. Chungu kipige kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama kengele, chukua. Kikijibu kwa sauti iliyopasuka, kuna ufa usiouona.

Sasa boti. Mwaka mmoja tulikuwa watu kumi na mmoja, tumeshalipa nusu, tukafika ufukweni tukaonyeshwa boti ya injini yenye jaketi okozi tatu. Nahodha, kijana mpole tu, akasema hizo ni za watoto, watu wazima "mnajua kuogelea". Dada yangu, anayeogopa hata beseni, akakaa chini mchangani akasema yeye hapandi. Akatuponza akatuokoa: tulingoja karibu saa nzima hadi zikaletwa nyingine. Tangu siku hiyo sianzi na bei, naanza na jaketi. Moja kwa kila kichwa, zenye mikanda inayofunga, na unazivaa kabla ya kupanda. Kukalia jaketi hakuhesabiki. Vyombo vidogo vya majini hukaguliwa na TASAC, wakala wa serikali wa usafiri wa majini, kwa hiyo kuuliza cheti cha ukaguzi si ukorofi. Mtumbwi wa kasia una raha yake, na ni wa bei nafuu, ila uuchukue kwa kuzunguka karibu na ufukwe, watu wawili watatu, asubuhi.

Kuna jambo moja wauzaji hawapendi kulitaja: kichocho. Ziwa Nyasa linacho, na vimelea vyake hupenya kwenye ngozi bila kuuma. Konokono wanaovibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani na matete, kwa hiyo oga mahali penye mchanga mweupe na mawimbi, mbali na matete na mbali na midomo ya mito, ambako pia kuna mamba. Jikaushe kwa taulo mara utokapo. Baada ya wiki sita hadi nane nenda ukapime. Dawa ipo, inaitwa praziquantel. Mwongozaji akikuambia "huku hakuna kabisa", usimwamini hata akikutajia bei ya soda.

Chakula: agiza mbasa na wali wa Kyela unapofika, si unapohisi njaa. Samaki anaweza kuwa bado yumo ziwani.

Kuhusu bei, gari ndilo linalokula sehemu kubwa, na hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe kabla ya dalali hajaifanya kwa niaba yako. Kwenda na kurudi ni kilomita 300. Noah iliyochoka kidogo inakwenda kilomita 9 au 10 kwa lita, kwa hiyo ni lita 30 hadi 33. Zidisha kwa bei kikomo ya mafuta ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ongeza posho ya dereva na faida ya mwenye gari. Kama bei unayoambiwa ni mara tatu ya hapo, ujue kuna watu wawili katikati ambao hutawaona. Mkiwa sita au saba kwenye Noah moja, kila mtu hulipa kitu cha kawaida. Ukiwa peke yako, panda Coaster stendi ya Nane Nane, shuka kwenye njia ya Ipinda, unganisha na Hiace, na ulale Matema usiku mmoja. Siku moja kwa basi haitoshi. Wengine hushauri meli. MV Mbeya II ni meli nzuri, lakini njia yake ni ya kushuka ziwa kuelekea Mbamba Bay, si ya matembezi ya kurudi jioni.

Ya pili: Mto Kiwira

Kama una nusu siku, au una wazazi wasiotaka saa saba za gari, lipia hii. Unakunja kutoka barabara kuu Kibwe, kabla ya Tukuyu, unashuka hadi Daraja la Mungu, tao la mwamba lililojengwa na lava ya volkano juu ya mto. Mbele kidogo kuna Kijungu, pale mto unapomiminika kwenye shimo la mviringo mfano wa chungu na kupotea. Eneo hilo liko upande wa Chuo cha Magereza Kiwira, kwa hiyo beba kitambulisho, andikisha jina, na uulize kabla ya kupiga picha kitu chochote kisichokuwa mto.

Hapa mwongozaji analipwa kwa sababu moja: kukuzuia. Miamba ya Kijungu ina utelezi wa kijani ambao huuoni mpaka uko chini, na ukiingia kwenye lile shimo hakuna upande wa kutokea. Raba zenye meno, si kandambili. Watoto washikwe mkono, na anayetaka kupiga selfi apige akiwa amekaa.

Muda ukibaki, ongeza maporomoko ya Kaporogwe, kusini mwa Tukuyu, ambako unaweza kusimama kwenye pango nyuma ya pazia la maji. Njia yake ya vumbi wakati wa masika ni ya magari yenye miguu minne, na Rungwe ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi kabisa nchini. Novemba hadi Mei piga simu kwanza.

Ya tatu: kifurushi cha "mto na ziwa siku moja"

Hiki ndicho kinachouzwa sana kwa sababu kinasomeka vizuri kwenye WhatsApp: Daraja la Mungu, Kijungu, Ziwa Masoko, Matema, mnarudi jioni. Nimekwenda mara moja. Tuliona kila kitu kupitia kioo cha gari. Masoko tulikaa dakika kumi na mbili, ambazo ni kidogo kwa ziwa la volkano lenye historia ya ngome ya Wajerumani na hadithi za sarafu zilizozama. Matema tulifika saa tisa, upepo umeshapanda, hakuna boti. Tukala samaki tukarudi, tukakuta ukungu kwenye mlima baada ya Isyonje, dereva ametoa kichwa dirishani kutafuta mstari wa barabara.

Kinunue ikiwa kina usiku mmoja ndani yake. Mto siku ya kwanza ukishuka, ziwa alfajiri ya siku ya pili. Maji ya Kiwira yenyewe huishia Ziwa Nyasa; ukilala, unakuwa umeyafuata hadi mwisho wake.

Ya nne: Ziwa Ngozi

Ni karibu na mjini, unashuka Mchangani, unapanda msituni zaidi ya saa moja. Ukifika ukingoni unaliona ziwa chini kabisa, limezungukwa na kuta za kreta pande zote. Ni pazuri mno, lakini ni mlima, si maji: hakuna boti wala ufukwe, na wanaoteremka kwa kushika mizizi wanajitafutia balaa. Siku ya ukungu utalipia kuona sufi nyeupe. Nimeiweka ya nne kwa sababu ya kichwa cha habari tu. Kwa anayependa kupanda, ingekuwa ya kwanza.

Walioko Iringa huniuliza kuhusu kupanda boti Ruaha. Mto Ruaha Mkuu ndani ya hifadhi umekuwa ukikauka kila kiangazi tangu 1993, na miezi hiyo hiyo ya kukauka ndiyo mizuri ya kuona wanyama. Lipia gari la wanyama, si boti. Na anayekuuzia maporomoko ya Kalambo kwa siku moja kutoka Mbeya hajawahi kwenda Sumbawanga.

Kabla ya kutuma pesa

Toa kishika uchumba, yaani malipo ya awali, kisichozidi theluthi ya bei, kwa lipa namba yenye jina la kampuni. Namba ya shemeji yake haikubaliki. Kampuni iwe na leseni ya utalii, ile ambayo wengi bado wanaiita TALA, na gari la abiria liwe na kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, maana trafiki wa Uyole hawana likizo. Ada za misitu ya hifadhi hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali na unapata risiti. Ukiambiwa "mpe tu yule kijana pale", uliza yule kijana ni nani. Andikiana kwenye ujumbe: saa ya kuondoka, boti ya aina gani, jaketi ngapi, chakula ni juu ya nani, na ziwa likichafuka mnarudishiwa nini. Hilo la mwisho ndilo linalotenganisha watu wa kazi na wapiga debe. Mwenye kazi yake atakujibu kwamba boti ikishindikana, pesa ya boti inarudi.

Beba sweta na nguo ya kuogea kwenye begi moja. Ziwa liko mita zisizofika 500 juu ya usawa wa bahari, mjini Mbeya ni kama 1,700, na kilele cha barabara katikati ni juu zaidi ya hapo. Jasho la Kyela hugandia mwilini Isyonje.

Mpwa wangu alichagua Matema ya Jumamosi. Alirudi na vyungu vinne vilivyofungwa majani makavu ya mgomba, akavipakata hadi Uyole kama mtoto mchanga. Kimoja kilivunjika kwenye tuta la Kiwira, na hadi leo anasema ni kosa la dereva.